Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa wa Siku Tatu

Kwenu waheshimiwa wote wa Maskati mlioidhinishwa kukata utepe, kushika maikrofoni na kukaa kiti cha mbele,



YAH: SHUKURANI KWA SIKU TATU, NA OMBI KUHUSU ZILIZOBAKI

Sisi ni wazazi wa watoto wenye mahitaji maalumu, tunaozungumza Kiswahili majumbani kwetu kuanzia Seeb hadi Al Amerat. Tumekaa kitako tukaona si uungwana kunyamaza. Mcheza kwao hutuzwa, nanyi mmetuchezea vizuri sana.

Kila tarehe 21 Machi watoto wenye sindromu ya Down hualikwa. Siku 12 baadaye, tarehe 2 Aprili, huwa zamu ya wenye usonji. Kisha huja tarehe 3 Desemba, siku iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na hapo hualikwa wote waliosahauliwa. Siku hizo hatuna la kulalamikia. Puto zipo, keki ipo, fulana za rangi moja zipo, na yule kijana aliyevalishwa vazi la dubu yupo, anatokwa jasho kwa niaba yetu sote. Mheshimiwa humpakata mtoto asiyemjua jina, picha hupigwa, na kabla ya magharibi imeshaingia kwenye simu za ukoo mzima.

Ila tumepiga hesabu. Kutoka tarehe 2 Aprili hadi tarehe 3 Desemba ni siku 245. Tunaomba maelekezo: siku hizo watoto tuwaweke wapi?

Mtasema jua, na hapo hatubishani nanyi. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza mjenzi kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, seuze mtoto kupanda pembea. Ndiyo maana watoto wa Maskati huhamia kwenye maduka makubwa yenye viyoyozi, wakacheza huko kwa tiketi. Wetu pia tumewapeleka. Tumekuta muziki unaotikisa vioo, taa zinazowaka na kuzimika, na mlangoni kijana mwenye adabu zake anayetuuliza kama huyu mtoto "atatulia". Tunapendekeza basi liwekwe kabati la kuachia masikio, karibu na lile la viatu. Mtoto mwenye usonji ayavue, aingie acheze, na akitoka akabidhiwe yote mawili.

Kwa mtoto wa kigari tumefikiria bahari. Pwani tunayo, ndefu na nzuri, lakini mchanga haubebi magurudumu. Ikiwa kutandika njia ya mbao hadi majini ni gharama kubwa mno, bahari nayo iandikiwe barua rasmi, isogee hadi kwenye maegesho ya magari.

Msituone wakosa fadhila. Amri ya Kifalme namba 63 ya mwaka 2008 iliweka sheria ya kuwatunza na kuwarekebisha watu wenye ulemavu. Tangu 2024 hifadhi ya jamii inamlipa mwenye ulemavu rial 130 kwa mwezi, na fedha hizo tunazipokea kwa dua. Zipo pia jumuiya za kujitolea hapa mjini ambazo kwa zaidi ya miaka ishirini zimewashika watoto wetu tangu wangali wachanga. Hao hatuwagusi katika barua hii, wameshachoka vya kutosha.

Lakini mwanzoni mwa 2009 Omani iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara yake ya 30 inataka watoto wenye ulemavu wapate kucheza, kuburudika na kushiriki michezo sawa na watoto wenzao. Tumeisoma mwanzo hadi mwisho tukipatafuta mahali palipoandikwa "mara tatu kwa mwaka". Hatukupaona. Pengine pamo katika nakala yenu.

Na mkishatafuta hilo, tufafanulieni na jengine. Mtoto wetu akiogelea, huitwa tiba ya maji. Akipanda farasi ni tiba, akipaka rangi ni tiba, akipiga ngoma ni tiba, na kila tiba ina fomu, saa na bei yake. Kaka yake akiogelea, anaogelea tu. Hakuna anayemwandikia ripoti ya maendeleo. Tunauliza kwa unyenyekevu ni umri gani mtoto wetu ataruhusiwa kurusha maji bila ya lengo lolote la kitaalamu.

Nakala ya barua hii iwafikie waheshimiwa wengine wasio na ofisi: mabibi, mashangazi, wajomba na wazee wa barza zetu. Mnapenda kutuhadithia sikukuu za Unguja, watoto wote wamevaa nguo mpya, wamejaa Mnazi Mmoja. Watoto wote? Yule wa chumba cha nyuma alikuwa wapi? Na hapa Maskati, katikati ya Ramadhani, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba kwa Qaranqashuh wakijaziwa pipi vifukoni, nyinyi hutushauri wetu abaki ndani asije akapatwa na jicho. Mwaliko wa harusi huandikwa "njooni nyote", kisha hufuatiwa na simu ya chini kwa chini: "Na yule mtamwachia dada wa kazi, eti?" Serikali haikuwatuma hilo. Hilo ni letu wenyewe, tulisafiri nalo kutoka huko Unguja.

Wapo watakaotwambia kuwa kuwachezesha watoto hawa kila wiki, badala ya mara tatu kwa mwaka, kunahitaji bajeti, kamati na mshauri kutoka nje. Mwaka 1962 Mmarekani Eunice Kennedy Shriver aliwakusanya watoto wenye ulemavu wa akili uani kwake, Maryland, wakacheza na kuogelea majira yale yale ya joto mnayoyaogopa. Kutoka uani pale ikazaliwa Special Olympics, iliyofanya michezo yake ya kwanza Chicago mwaka 1968. Machi 2019 michezo hiyo ya dunia ilifika Abu Dhabi, mwendo wa gari tu kutoka kwetu, ikiwa na wanamichezo zaidi ya 7,000. Muulizeni yeyote kati yao kama alijifunza kuogelea siku ya sherehe.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya:

Kwanza, alasiri moja ya kucheza kila wiki katika kila wilaya ya mkoa huu: Maskati, Matrah, Bawshar, Seeb, Al Amerat na Qurayyat. Kumbi msijenge. Skuli zinazo, pamoja na viyoyozi, na Ijumaa na Jumamosi zimefungwa. Kiangazi zimefungwa kabisa.

Pili, ndugu zao na watoto wa jirani waingie pamoja nao. Mtoto hachezi na mtaalamu wake, hucheza na mwenzake.

Tatu, muziki uwe wa kiasi, taa zitulie, na maikrofoni ibaki ofisini.

Nne, kijana wa miaka 16 asiambiwe ameshakua. Mwenzake wa umri huo yuko uwanjani anacheza mpira kila jioni, na hajaulizwa cheti cha kuzaliwa.

Tano, mwenye kutaka picha na mtoto aje kwanza wiki nne mfululizo bila kamera.

Ombi la kwanza ndilo kubwa, na mkilitimiza hayo mengine tutayasimamia wenyewe, hata utepe tutawanunulia. Mkishindwa, semeni wazi kwamba mmeshindwa, ili tuache kusubiri mialiko. Na wewe mzazi unayeisoma barua hii, usisubiri jibu lao. Jumamosi hii mtoe mwanao nje, na mwambie jirani naye amtoe wake.

Wenu watiifu,
Wazazi