Mlima Wenye Kamati

Mchoraji msafiri hapa kwetu hahitaji daftari la kutoka ng'ambo. Kaunta buku ya kwaya mbili inamtosha: jalada gumu, karatasi inayovumilia penseli, na mistari ya buluu ambayo ukiilaza kando inageuka mvua. Kasoro yake ni kufanana na ya kila mwenye duka. Ndiyo maana nilitaka yangu ivikwe kitambaa cha marekani, kizazi cha kile kilicholetwa Unguja na mabaharia wa Salem, Massachusetts, karne ya 19, na juu yake uchapwe Mlima Hanang.

Fundi niliyempata Katesh huchapa fulana za mahafali, za timu na za harusi, kwa skrini. Kazi yenyewe inataka giza kwanza, kisha jua. Fremu iliyowambwa kitambaa chenye vitundu vidogo hupakwa dawa gizani (giza letu lilikuwa stoo ya mkaa), mchoro mweusi huwekwa juu, yote hutolewa juani. Palipopigwa na jua dawa huganda. Palipofichwa na weusi huoshwa kwa maji, wino ukapata pa kupita.

Jua ndilo lililotutesa. Hanang una zaidi ya mita 3,400 na hupenda kukusanya mawingu kichwani, kwa hiyo mlima tuliotaka kuuchapa ndio uliotuzibia mwanga wa kuuchapia. Fundi alisimama mlangoni akikodolea anga kama mtu anayeidai kodi ya pango.

Hatimaye likatoka, akavuta wino kwa kipande chake cha mpira, akainua fremu. Mlima ulikaa vizuri sana. Ila fremu ilikuwa imechapa sare za watu kabla yangu, na wino wao uliosalia kwenye vitundu ulizuia wa kwangu kidogo. Ubavuni mwa mlima, kwa rangi hafifu, ilisomeka: KAMATI YA HARUSI.

"Huo ni ukungu, kaka," fundi alisema. "Angalia kwa mbali."

Nikaangalia kwa mbali. Kwa mbali ilisomeka vizuri zaidi.

Kwenye basi la Haydom, jirani yangu alisoma jalada, akasinzia papo hapo, jicho moja likibaki zamu. Basotu niliketi kando ya ziwa nichore viboko. Vijana waliokuja kuchungulia walikumbuka ghafla shughuli za nyumbani. Kiboko angalau akikujia hakuulizi jina lako kamili.

Dongobesh, nikichora ng'ombe chini ya mti, bibi mmoja alinisimamia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Harusi ya nani?"

"Hakuna harusi, bibi. Nachora tu."

"Huwa mnaanza hivyo hivyo." Akafungua fundo la khanga, akatoa noti ya elfu mbili. Nilipokataa akauliza kama bwana harusi ana dharau. Watu wakaanza kutazama. Nikapokea.

"Andika," akaniamuru. "Na uandike taslimu. Mwaka jana waliniandika ahadi."

Nikaandika, chini ya tumbo la ng'ombe, palipokuwa na nafasi. Mzee aliyekuwa nyuma yake akasogea, akavaa miwani, akalisoma jina la bibi na kiasi chake.

"Mimi," akasema, "niandikie ahadi."