Msimvishe Koja Mkimbia Deni

Nasonya! Na leo nasonya kwa nguvu, nisikike hadi kwa muuza mihogo kule ng'ambo ya barabara. Kuna hadithi inazunguka hapa Kariakoo, na kila ikisimuliwa inapigiwa makofi. Jamaa alikuwa Dubai, akapewa kadi ya mkopo, akaikamua mpaka ikagoma, kisha akapanda ndege akarudi zake Bongo. "Kawapiga wale, kaka! Watamfuata mpaka Buguruni?" Watu wanagongeana mikono, kahawa inaongezwa. Mimi hiyo kahawa inanikwama kooni.

Jamani, tulizungumze hili jambo vizuri, maana kila mmoja hapa ana ndugu Dubai, Sharjah au Abu Dhabi.

Tuanze na kadi yenyewe, kwa sababu wengi wanaomsifia huyo jamaa hawajawahi kuishika. Kule kadi haitafutwi, inakutafuta. Mshahara ukishaanza kupitia benki, wakala anampigia mtu simu kazini, anamsubiri kwenye maduka makubwa, fomu mkononi, maneno matamu mdomoni. Fomu inataka namba ya rafiki aliye kule kule na namba ya ndugu aliye nyumbani. Kwa miaka mingi benki ilitaka na hundi ya dhamana, ikasainiwa na kuwekwa kabatini kusubiri siku mbaya. Kijana anasaini huku anawaza makochi ya mama. Hajui amekabidhi nini.

Sasa hesabu. Tuseme anadaiwa dirham 20,000. Dirham imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997, dirham 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo hizo ni zaidi kidogo ya dola 5,400. Riba ya kadi kule huhesabiwa kwa mwezi, na asilimia tatu na ushee ni jambo la kawaida. Tuchukue 3.25. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni dirham 650. Benki inamwambia alipe kiwango cha chini tu, asilimia 5, yaani dirham 1,000. Analipa, anajiona mwema. Kumbe kilichopungua kwenye deni ni dirham 350. Akipita dukani na kadi ile ile kununua mchele na mafuta, hizo 350 zimerudi. Hapo nawasonya na wenye benki. Kumpa mtu wa mshahara mdogo mkopo wa namna hiyo, kisha kumsifu kwa kulipa kiwango cha chini, ni kumzungusha.

Mtu wa hivyo akipoteza kazi, mambo yote yanamwangukia kwa pamoja. Visa yake imefungwa kwa mwajiri, na kwa miaka mingi aliyefutiwa visa alikuwa na siku 30 za kupata kazi nyingine au kuondoka. Mwajiri akiijulisha benki kwamba huu ni mshahara wa mwisho, benki inaizuia akaunti. Kiinua mgongo alichotegemea kuanzia maisha kinanasa humo humo.

Mwaka 2008 na 2009, mtikisiko wa fedha wa dunia ulipoangusha ujenzi Dubai, magazeti yalijaa habari za magari yaliyotelekezwa uwanja wa ndege, funguo ndani, vumbi juu. Idadi yake ilibishaniwa, lakini kwamba watu walikimbia hakuna aliyebisha. Walikimbia Waingereza, walikimbia Wahindi, wakiwemo wenye vyeo na suti. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia kukimbia deni ni tabia ya Waafrika. Walikimbia kwa sababu hundi isiyo na fedha ilikuwa kosa la jinai. Ile hundi ya dhamana ikipelekwa ikakosa hela, mtu anaingia ndani, na akimaliza kifungo deni linamsubiri mlangoni. Sheria iliyomfunga mtu asiyeweza kulipa ilimfundisha kutoroka, na sioni haya kusema ilikuwa sheria mbaya.

Wenyewe waliliona. Mwaka 2011 Benki Kuu ya Falme za Kiarabu iliweka mipaka: mkopo binafsi usizidi mishahara 20, ulipwe ndani ya miezi 48, makato yasivuke nusu ya mshahara. Na tangu Januari 2, 2022, hundi kukosa fedha peke yake si jinai tena, mradi hakuna udanganyifu.

Vijana wakiisikia hiyo wanaruka: "Si umeona mzee, hakuna jela!" Ngoja kwanza, mdogo wangu. Mabadiliko yale yale yalimpa mwenye hundi njia ya mkato, anakwenda moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji bila kuanza kesi ndefu. Deni likifika dirham 10,000, anayedai anaweza kuomba mdaiwa azuiwe kusafiri. Na aliyekwisha kuondoka, riba hailali kwa sababu yeye yuko Buguruni. Zile 20,000, kwa asilimia 3.25 kila mwezi, bila faini hata moja, baada ya mwaka zinapita 29,000. Rekodi yake iko kwenye Al Etihad Credit Bureau, taasisi ya kumbukumbu za mikopo iliyoanza kazi mwaka 2014.

Na niwaulize nyie wa Kariakoo, nyie hasa. Dubai kwenu ni nini kama si stoo? Vipuri vya magari, simu, vipodozi, mzigo unafungwa Deira unakuja hapa. Hata anayekwenda Guangzhou, mara nyingi ndege yake inapitia Dubai. Kijana wa miaka ishirini na kitu anajifungia mlango huo kwa ajili ya dola 5,400? Kesho akipata mtaji, anamtuma mwingine akamnunulie, na kumlipa juu. Akijitia ujasiri akaenda mwenyewe, atasimama kwenye foleni ya uhamiaji bila kujua kama jina lake lina kesi. Hiyo ndiyo "kuwapiga"?

Bahari nayo msiitegemee sana. Januari 2020 serikali ya India ilitangaza kwamba hukumu za madai za mahakama za Falme za Kiarabu zinaweza kutekelezwa huko India. Wengi waliojiona wamefika salama Kerala walikosa usingizi. Majirani zetu Kenya wana sheria ya kutekeleza hukumu za nchi walizoziorodhesha, Uingereza na Tanzania zikiwemo. Orodha za namna hiyo huongezwa nchi.

Turudi kwenye zile namba mbili za kwenye fomu. Namba ya ndugu wa nyumbani, mara nyingi, ni ya mama. Simu inaita Mbagala asubuhi, sauti ngeni inamtaja mwanawe kwa majina matatu. Mama hakusaini popote, hadaiwi hata senti. Lakini mwambie mama yeyote kwamba mwanao anatafutwa, uone kama mchana ule atakula. Namba ya pili ni ya rafiki aliyebaki Sharjah, aliyempokea, aliyemlaza chumbani kwake alipofika hana hata godoro. Sasa anasumbuliwa kwa deni asilolijua. Nyie mnampigia makofi aliyekimbia, na hakuna anayemkumbuka huyo rafiki.

Hapa sasa ndipo kwenye kiini cha msonyo wangu. Tunawachanganya watu wawili. Yupo aliyeachishwa kazi, akaugua, akaishiwa, akarudi na deni lililomshinda. Huyo si mwizi, ni mtu aliyeanguka. Na yupo aliyekata tiketi kwanza, halafu wiki ya mwisho akaenda soko la dhahabu na kadi, akanunua bangili na simu, akijua hatalipa. Huyo kaiba, na udanganyifu bado ni kosa kule na hapa. Tukimshangilia huyu wa pili, yule wa kwanza tunamziba mdomo. Atakujaje kijiweni kusema kwamba anadaiwa, halali usingizi, na anataka kulipa polepole, wakati mwenzake anaitwa mjanja? Ataonekana bwege. Atanyamaza, na deni litaota mizizi katika huo ukimya.

Na tuseme kweli yote: hilo deni tumelila pamoja naye. Sehemu ya hela za kadi hizi iliishia huku kwetu. Nani alimwagiza simu mpya? Nani alisema harusi ya dada haiwezi kufanyika bila mchango wa "mtu wa Dubai"? Nani alimuuliza kwa nini ukuta wa Kigamboni umesimama? Sisi. Tukimwona anarudi na begi moja tunamsema mtaa mzima, akirudi na mabegi sita hatumuulizi yamelipwa na nani.

Wapo wanaosema benki ni tajiri, haitasikia. Benki hurudisha hasara yake kwa wanaobaki, kwa riba na masharti, na wanaobaki ni ndugu zetu wengine. Halafu tunazika hapa kila wiki. Kabla mwili haujashushwa, anasimama mwanafamilia anasema mwenye kumdai marehemu ajitokeze, deni ni letu. Hachagui mdai tajiri wala maskini. Tunaliamini hilo makaburini, kwa nini tulikane kijiweni?

Kwa hiyo nasema hivi. Aliye kule na deni linamzidi, aende benki kabla ya kuacha kazi, wakati mshahara bado unaingia na sauti yake bado inasikika. Aombe deni lipangwe upya kwa miezi mirefu. Akipewa punguzo ili alipe kwa mkupuo, alipe baada ya kulipata kwa maandishi. Akimaliza, aifunge kadi, adai hundi yake, asubiri barua ya kuthibitisha kwamba hadaiwi, hata ikichukua wiki kadhaa. Aliyekwisha kurudi naye hajachelewa. Awaandikie, aeleze hali yake, aanze na kiasi anachokiweza, atunze kila risiti.

Na sisi tuliobaki hapa tuna kazi yetu. Mwenye ndugu Dubai ampigie leo. Asimwagize kitu. Amuulize anadaiwa kiasi gani, kisha amwambie kwamba akirudi na begi moja na barua ya benki, tutampokea uwanja wa ndege kwa heshima zote. Makofi yetu tumwekee huyo.