Hamali wa Volti 12

Mnazi umeshasifiwa mpaka makuti. Jahazi limesifiwa, chai ya maziwa imesifiwa, na huku kwetu Ujiji mgebuka wa kukaanga husifiwa kila jioni na kila mwenye meno. Pampu ya intakula haijawahi kupata hata ubeti mmoja. Wengi walio nayo hawajui kama wanayo, na wachache wanaoijua huitaja kwa matusi. Leo naitolea kaswida, ingawa sina dufu.

Kabla ya sifa, sura. Ni kopo jeusi la plastiki, ukubwa wake kama kikombe cha bati. Lina midomo miwili, mmoja wa kunywa na mmoja wa kutema, na mkia wa nyaya mbili. Hukaa chini kabisa nyuma ya bampa la mbele, mahali ambapo matope ya masika hupafikia kabla ya kufika kwingine kokote. Kazi yake inaanzia kwenye tabo, neno ambalo likibadilishwa herufi moja tu linasema ukweli wake wote. Tabo huishindilia hewa ndani ya injini ili injini ichome mafuta mengi zaidi. Lakini hewa ikishindiliwa hupata moto, kama anavyojua yeyote aliyewahi kujaza baiskeli upepo na kushika ncha ya pampu. Hewa ya moto hutanuka, na faida ya kuishindilia inaanza kuyeyuka. Lazima ipozwe kabla haijaingia.

Magari mengi huipoza kwa upepo wa barabarani tu. Machache, kama Subaru Legacy za tabo za mwaka 1989 hadi 1993, hutumia maji. Hewa inapita kwenye kisanduku chenye maji, ndicho intakula, maji yanabeba joto mpaka kwenye rejeta ndogo ya mbele, yanalikabidhi kwa upepo na kurudi kubeba lingine. Maji haya si yale ya injini. Yana njia yao, na anayeyasukuma ni kopo letu.

Kwa hiyo pampu hii haitengenezi chochote. Baridi si yake, nguvu si zake. Inatoa joto hapa na kulipeleka pale, siku nzima, bila mtu kuiuliza imekula nini. Ni hamali.

Na mtu wa Kigoma akimdharau hamali, amejidharau mwenyewe. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara, wapagazi wakitua mizigo waliyoitoa pwani kwa miguu. Reli ilipofika ziwani mwaka 1914, kazi ya mji ikawa kushusha mzigo kwenye behewa na kuupakia kwenye meli, uende Bujumbura, uende Kalemie, uende Uvira. Hata meli yetu Liemba yenyewe ni mzigo uliopandishwa cheo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari, ikapanda treni Dar es Salaam, ikaja kuungwa upya hapa na kuingia majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Meli ilibebwa kwanza, kubeba kukafuata.

Sasa yangu. Nina gari la mtumba, gia za mkono, umri wake unaukaribia wangu, nalo hubeba magunia ya dagaa kutoka Kibirizi kwenda Kasulu. Ndiyo, tabo na magunia ya dagaa, anayecheka acheke. Pampu yake ya zamani ilikufa kimyakimya, kama wafavyo mahamali, na mimi badala ya kutafuta ya kufanana nayo nikaagiza kubwa zaidi, yenye msukumo, yenye kula ampea 8. Hapo ndipo baraka zilipoanza kunimiminikia.

Fundi wa kwanza namsitiri jina, maana bado tunasalimiana. Aliikata mikia ya pampu mpya, akaisokota kwenye nyaya za pampu ya zamani, nyembamba kama miguu ya kifaranga, akazungushia tepu nyeusi. Fyuzi ikakatika kabla boneti halijafungwa. Akachomoa, akachomeka ya ampea 30.

"Hii haikatiki, bosi."

Alisema kweli. Tulipokaribia Mwandiga fyuzi ilikuwa nzima kabisa, na harufu ya plastiki inayoungua imejaa ndani ya gari, ikishindana na dagaa na kuwashinda. Hebu niambieni, ni mwalimu gani mwingine angenifundisha jambo hili kwa dakika ishirini? Nilikuwa nikidhani fyuzi inalinda pampu. Kumbe inalinda waya. Fyuzi hukubali kufa ili waya upone. Ukiweka isiyojua kufa, utaungua waya, na nyuma ya waya lipo gari, na ndani ya gari umo wewe.

Mara ya pili nikajitia ufundi mwenyewe. Niliunga dairekti: betri, waya, pampu, basi. Sikuweka swichi, na hata fyuzi sikuiweka, nisitirini. Ikanguruma vizuri, nami nikalala usingizi wa mtu aliyeokoa pesa. Usiku wa manane bibi akagonga ukuta.

"Mume wangu, huko uani kuna mdudu."

"Si mdudu, bibi. Ni pampu, inapooza hewa."

"Hewa ya nani saa hizi?"

Sikuwa na jibu. Ampea 8 kwa saa 8 ni 64, na betri yangu ni ya 50. Alfajiri ilibakiwa na pumzi ya kuwasha kijitaa kimoja chekundu kwenye dashibodi, tena kwa kusinzia. Nikachomoa waya na kuita majirani. Wakaja wanaume saba ambao kwa kawaida hukutana msibani tu, wakalisukuma gari chini ya miembe kuelekea ziwani, watoto wakikimbia mbele wakiimba. Lilishika mara ya tatu. Mmoja wao, ambaye hatukuwa tunasemeshana tangu mambo ya mpaka wa kiwanja, alinipiga begani na kuniambia nikanunue punda. Tunasemeshana mpaka leo. Nani anadai kopo lile halina manufaa?

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Mwanga ambaye maisha yake yote amefunga taa za mitumbwi ya dagaa. Wavuvi wetu hutoka usiku usio na mwezi na kuwavuta dagaa kwa mwanga. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri. Mtu aliyefunga taa katikati ya ziwa, penye maji na mtikisiko, hatishwi na bampa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Limechemsha?"

"Halijachemsha. Pampu inazunguka kivivu."

Hakuchukua kipimo. Aliupapasa waya wangu kwa vidole viwili, kama mtu anayepima homa ya mtoto, kuanzia betri mpaka mwisho. "Zamani, tulipokuwa tunafunga balbu za gari mitumbwini," akasema, "taa ya mwisho ilikuwa inawaka nyekundu. Mwenye mtumbwi ananunua balbu mpya, bado nyekundu. Kumbe kosa ni la waya."

Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu. Waya wa milimita za mraba 0.75, mita 4 kwenda na mita 4 kurudi, ukipitishwa ampea 8, unapoteza karibu volti moja na nusu njiani. Umeme unatoka kwenye betri ukiwa 12, unakatwa ushuru kila kizuizi, unaifikia pampu ukiwa kumi na kitu. Waya wa 2.5, ule ule wa soketi za nyumbani ila wa nyuzi nyingi laini, unapoteza kama nusu volti tu. Miaka yote niliyokaa darasani mwalimu wa fizikia hakunipatia hili. Kopo la plastiki limenipatia.

Lakini kabla sijaondoka kwake, mzee alikuwa ametoa relei. Mji wetu unaitwa mwisho wa reli, na kwangu siku hiyo ukawa mwanzo wa relei. Ni kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani, chini yake miguu yenye namba: 30, 85, 86, 87. Ni namba za kanuni za viwanda vya Ujerumani, na leo utazikuta kwenye relei za duka lolote la spea, hata zilizotoka China. Mjerumani alituachia stesheni, akatuachia meli, na baada ya kuondoka akatufuata na namba. Kwenye 30 unaleta umeme wa betri, ukiwa umeshapita kwenye fyuzi ya ampea 15 iliyokaa shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Kwenye 87 unautoa kwenda kwenye pampu. Ule waya mwembamba wa kiwandani, ambao hupata umeme ufunguo ukigeuzwa, unakwenda 86, na 85 inashikwa kwenye bodi. Ndani mna sumaku ndogo inayofunga na kufungua mlango. Waya wa zamani, uliokuwa ukiungua kwa kubeba mzigo wote, sasa hausafirishi hata robo ya ampea. Umekuwa nyapara: unasema "haya, nyanyueni," na wengine wananyanyua.

Waya wa kurudi wa pampu hakuuamini kwenye bodi yenye kutu. Aliurudisha mpaka kwenye hasi ya betri. Viungo hakuvisokota. Alichuna ncha kwa meno ya koleo, shaba ikatoka inang'aa kama mawese yaliyochujwa, akaziingiza ncha pamoja na kuzilehemu kwa chuma alichokichomeka kwenye jiko la mkaa, pembeni ya birika la mkewe. Mwisho akapaka grisi kila penye chuma kitupu. Nikamuuliza kwa nini anaimwaga hivyo. Akanyoosha kidole kuelekea bandarini. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipoizamisha meli yao wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, mainjinia waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, mashine zake zikiwa zinafaa. Baada ya hapo hakuna mteja anayebishana na mzee huyu juu ya bei ya grisi.

Kuna ila moja zaidi ya msifiwa wetu, nayo ni kiburi: haijui kufyonza. Ikikuta hewa badala ya maji inazunguka bure na kujiunguza. Tukaliegesha gari likitazama juu ya kilima cha Mwanga, mdomo wa kujazia ukiwa juu kuliko vyote, tukawa tunamimina na kuminya mipira, minya mimina, viputo vikitoka kimoja kimoja. Kijana mmoja akajitolea kuleta ndoo ya maji ya ziwa. Mzee akamkatalia. Maji ya Tanganyika ni ya alkali, na alumini ya rejeta haipatani nayo. Akatumia maji ya betri na dawa ya rejeta.

Nilibaki nikilitazama ziwa pale chini na kulionea huruma kidogo. Lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, baridi yake yote na rutuba yake yote imelala chini, na juu yamekaa maji ya vuguvugu yasiyotaka kuchanganyika nayo. Pampu yake ni upepo wa kusi. Kuanzia Mei mpaka Septemba kusi huyasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na upande wa kusini maji baridi hupanda na chakula cha vijimea, na vijimea ndivyo mwanzo wa chakula kinachomfikia dagaa. Watafiti walioandika kwenye jarida la Nature mwaka 2003 walionyesha kuwa ziwa limepata joto, pepo zimelegea, mchanganyiko umepungua na uzalishaji wake umeshuka. Ziwa lina intakula kubwa kuliko zote, na hamali wake anachoka. Huyo hakuna relei ya kumfungia.

Siku iliyofuata nikapakia magunia na kushika njia ya Kasulu. Mtauliza kasi. Mbele yangu kulikuwa na lori la mihogo, na nikakaa nyuma yake mlima mzima, nguvu zangu zote mpya zikisubiri kwa adabu. Lakini niliposimama juu nikafungua boneti na kushika bomba la hewa linalotoka kwenye kisanduku. Zamani mkono ulikuwa unaruka. Safari hii niliushikilia nikahesabu mpaka ishirini, muuza ndizi akinitazama kama mtu anayemwombea dua gari lake.

Bibi naye amezoea. Kila alfajiri nikigeuza ufunguo, kabla sijapiga stata, pampu hutoa mvumo mdogo, na yeye huamkia hapo kwenda kutia udhu. Juma lililopita niligeuza ufunguo nikiwa na usingizi, nikawa nanyoosha mkono nipige stata, sauti yake ikatoka dirishani:

"Mume wangu, mdudu wako leo hajaimba."

Nikatega sikio. Kimya. Nikashuka, nikafungua boneti, na bibi akaja na tochi na kanga yake begani. Panya alikuwa ameutafuna waya wa 86 mpaka shaba ikakatika, na alipofika kwenye grisi ya mzee akaacha. "Shika hapa," nikamwambia, naye akamulika, huku akinielekeza ni upande gani nianze kuchuna.