Kasri Hulala Saa Kumi

Krismasi ya Ukambani ina ratiba yake. Asubuhi ni kanisa, na mchungaji akiahidi kumaliza saa sita, mpishi wa muthokoi anajua asiharakishe moto. Baada ya kula ni kutafuta kiatu cha kitinda mimba, ndipo watu watoke. Anayefungua uwanja wa michezo ya watoto mjini Wote bila kuijua ratiba hiyo anaitafuta hasara kwa tochi.

Krismasi iliyopita mwenye uwanja mmoja alipunguza saa. Zamani alikuwa akifungua asubuhi hadi giza liingie. Safari hii kibao kilisema saa nne hadi saa kumi, na kiingilio hakikuguswa.

Tulipofika saa nane, makanisa yote yalikuwa yamemwagika pale langoni. Jua la Makueni saa hiyo halina undugu. Sakafu ya kasri la hewa ilikuwa imeshika moto hata watoto waliruka, wakiwemo wasiopenda kuruka. Kijana wa zamu alikuwa akiimwagia maji kwa kikombe cha uji.

Mwanangu aliingia kasri saa kumi kasoro kidogo. Saa kumi kamili kijana akazima feni. Mnara wa kwanza ukainama, wa pili ukaufuata, na watoto wakaporomokea katikati kama maharagwe kwenye gunia. Sisi akina mama tukaingia kuvuta miguu. Niliuvuta mmoja kwa nguvu zangu zote, kumbe wa mtoto wa jirani.

"Bosi, basi nirudishie hata nusu," nikamwambia mwenye uwanja.

"Mwaitu, tiketi ni ya kuingia," akanijibu. "Kwani hukuingia?"

Bosi alipiga hesabu ya petroli ya jenereta, akasahau kuwa saa hazilingani thamani. Alizotubakishia ni za ibada na za jua la utosi. Alizokata ni za jioni, ambazo ndizo tulizokuwa tukilipia. Ukikata saa ukaacha bei palepale, umepandisha bei kimyakimya. Tena wateja wa kutwa wakisongamana kwa saa mbili, foleni inakula kilichosalia.

Wakubwa pia hufanya hivyo. Mwaka 2024 tiketi ya Maasai Mara ilipunguzwa kutoka saa 24 hadi 12, na ada ikapandishwa juu yake. Lakini mgeni aliyekwisha kulipia ndege na hoteli atanung'unika na kulipa. Mimi nimekuja kwa bodaboda. Kugeuza ni shilingi hamsini.

Na kuna starehe zisizokubali haraka hata kidogo. Huko Kitui, wazee husema ukiuzunguka mwamba wa Nzambani mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke, na mwanamke mwanamume. Hebu fikiria askari akipuliza filimbi ya kufunga ukiwa mzunguko wa nne. Utapanda matatu ya kurudi nyumbani ukiwa nani?

Pasaka ilipowadia tuliwapeleka watoto kwenye bustani ya umma ya Wote, wakagaragara kwenye nyasi mpaka wakachoka wenyewe. Bosi, nasikia, analalamika kuwa watu wa Makueni hawana pesa.

Pesa tunazo, Bosi. Jioni ndiyo uliyotunyima. Nawe mzazi mwenzangu, ukifika langoni usianze kuuliza kiingilio. Uliza kwanza wanafunga saa ngapi, kisha ugawanye.