Nani Anakula Mwembe Wako? Washukiwa Saba wa Kamanga

Kivuko kikifika Kamanga kutoka Mwanza mjini, hakikosi mtu aliyepakata miche ya maembe na machungwa kwenye viriba. Ataipanda, ataimwagilia, kisha siku moja ataikuta imenyauka na kumlaumu mdudu wa kwanza atakayemwona. Tuwahesabu washukiwa, tukianza na anayesingiziwa zaidi.

7. Wadudu wa ziwani. Wanapanda juu ya maji kama moshi wa tanuri, wanajaa kwenye taa na kwenye ugali. Wakitua mwembeni, mgeni anakimbilia dawa. Waache. Wakishaota mabawa hawali majani, na maisha yao ni ya siku chache. Kosa lao ni hilo la ugali tu.

6. Nzi wa matunda. Huyu ana kesi ya kweli: yule wa kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, Tanzania napo hakuchelewa, na tangu hapo embe la msimu huja na nyama ya ziada. Ila mche wako wa miaka miwili haujatoa hata ua. Ahirisha kesi.

5. Kiwavi wa ndimu. Akiwa mdogo ni kahawia mwenye baka jeupe, sura ile ile ya kinyesi cha ndege, nawe unapita ukimlaumu kunguru. Akikua anakuwa kijani. Mguse: atachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Vitisho vya bure. Mtoe kwa vidole. Mama yake ni kipepeo mzuri, mweusi na njano, ndiyo maana hashukiwi.

4. Vidukari. Wananyonya utomvu wa majani machanga na kutoa maji matamu. Sisimizi wanayalamba na kuwalinda kama malipo. Ulinzi shirikishi, ila upande wa wahalifu. Nyunyizia maji ya sabuni chini ya majani, jioni.

3. Jembe. Kijana anapalilia kwa kipande na anawahi mpira, jembe linachubua gome. Nyasi zilizo karibu na shina ng'oa kwa mkono.

2. Mbuzi. Wa jirani, bila shaka, na jirani ataapa kwamba mbuzi wake hafiki huko. Mavuno yakiisha mifugo inaachiwa mashambani, na mche ndio kijani pekee kilichobaki. Hasara yenyewe huijui leo. Mche wa kubebeshwa una miti miwili: juu aina uliyoilipia, chini mwembe wa kienyeji. Mbuzi akila cha juu chote, kinachochipua ni cha chini. Unashangilia kwamba umepona, unautunza miaka minne, halafu unavuna maembe ya nyuzi. Kichipukizi chochote kinachotoka chini ya kiungo kikate. Na zungushia miiba mikavu leo; ua wa minyara ni mzuri, lakini mbuzi hasubiri ukue.

1. Mchwa. Hana pembe wala mabawa ya kutisha, na anafanya kazi ndani ya handaki lake jembamba la udongo linalopanda shinani. Kiangazi mche ukidhoofika kwa kiu, anaanza na gome. Akilila kuzunguka shina lote, chakula hakishuki tena mizizini. Majani yanaweza kubaki kijani kwa muda, nawe unapulizia dawa majani ya maiti.

Wengi humwalika wenyewe kwa samadi mbichi shimoni na nyasi kavu zilizobanwa kwenye shina. Samadi ioze kwanza. Nyasi zibaki, kwa sababu mchwa hupenda kilichokauka kuliko kilicho hai, ila zikae shubiri moja kutoka shinani. Mwagilia, kwangua udongo kila uuonapo, na kichuguu kikiwa karibu, chimba hadi kwa malkia.

Kwa hiyo kabla hujakodi bomba la kupulizia, piga goti uangalie shina.