Heri Basi la Ahadi

Basi la ahadi halipati pancha. Tuanze hapo, maana hakuna chombo kingine mjini Kisangani kinachoweza kujivunia hivyo. Halisubiri mafuta yapandishwe na boti kutoka Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,700 za mto, wala yale yanayoletwa na malori kutoka upande wa Uganda kwa Barabara ya Kitaifa namba 4, kupitia Komanda, Mambasa na Nia-Nia na matope yote ya katikati. Halijazi watu hadi wengine wakaning'inia mlangoni. Konda wake hasemi hana chenji. Na linafika kote: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, komuni ya Kisangani, hata Lubunga, iliyo ng'ambo ya Mto Kongo na daraja hakuna. Basi la chuma lingeishia ukingoni likitazamana na mitumbwi. La ahadi linavuka bila kulowa.

Wapo wanaolitukana. Wanataja miaka ya kura, 2006, 2011, 2018, 2023, na kila mwaka wanauliza mabasi yako wapi. Huo ni utovu wa shukrani. Kitu kilichodumu namna hii, katika mji ambako viraka vya barabara vinaogopa mvua, kinastahili heshima za mzee.

Sisi wa Simi-Simi, magharibi ya mji, tunalidai kwa haki ya ukongwe. Kabla ya uwanja wa ndege wa Bangoka, wageni wa angani waliingia Kisangani kupitia uwanja wa kwetu. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, makomando wa Kibelgiji walishuka kwa miavuli kwenye uwanja huu, kutoka ndege za C-130 za Marekani, wakaelekea mjini kutafuta mateka walioshikwa na waasi. Usafiri wa aina hiyo hatuuombi tena. Lakini fikiria bahati yetu: tulitangulia kupata njia ya ndege, tukaachiwa basi la kungojea. Mgombea akija kwetu hana kazi ya kueleza maendeleo ni nini. Mkono mmoja unaonyesha uwanja, mwingine unaonyesha mahali basi litakaposimama, na shingo zetu zinafuata mikono yote miwili.

Sasa nije kwa meya, maana ahadi yake ndiyo safi kuliko zote. Meya wa London akiahidi nauli nafuu, hiyo ni biashara: nipe kura, nikupe basi. Kuna uchafu wa maslahi ndani yake. Wa kwetu haombi kitu. Sheria ya Oktoba 2008 inataka meya achaguliwe na baraza la mji, na baraza hilo litokane na madiwani wa komuni. Madiwani hao tuliwapigia kura kwa mara ya kwanza tarehe 20 Desemba 2023, miaka 15 baada ya sheria yenyewe. Miaka yote hiyo meya alikuja kwa ordonansi ya rais iliyosomwa kwenye televisheni ya taifa, tukamjua jina jioni ile ile tulipoambiwa ni wetu. Na akiondoka, aliondoka kwa ordonansi nyingine. Kwa hiyo mtu wa cheo hicho anapopanda jukwaani mwaka wa kura na kutangaza mabasi, anatoa sadaka. Hadaiwi na mpiga kura hata mmoja. Wanaodaiwa ni wabunge waliokaa pembeni yake kwenye viti vya plastiki wakipiga makofi, nao wanajua kwamba basi ni jambo la mji, na mji ni jambo la meya, na meya ni jambo la Kinshasa.

Sifa nyingine ni uvumilivu wake safarini. Basi likitua mapema linazeeka mapema, lakini hili letu linakuja kwa vituo. Kwanza limeagizwa. Halafu limefika Matadi, liko bandarini, linangoja karatasi za forodha. Hapo hukaa muda, na hakuna wa kubisha, maana nani kati yetu atakwenda Matadi kuchungulia? Kutoka Matadi lazima lipande hadi Kinshasa kwa nchi kavu, kwa sababu mto pale chini una maporomoko. Kinshasa linapakiwa kwenye baji. Halafu mto umepungua maji, baji imekaa juu ya mchanga sehemu fulani kati ya Mbandaka na Bumba, tusubiri mvua. Mvua ikija, ni kampeni nyingine. Kila kituo katika hadithi hii ni cha kweli, shehena zetu zinapita huko huko, na hapa Kisangani ndipo meli zinapokomea, kwa sababu mbele yake ni maporomoko ya Boyoma. Ahadi iliyosomea jiografia namna hii haiwezi kuitwa uongo.

Wakati basi likiwa njiani, watu walijisafirisha, na hapa ndipo wengine wanapotaka kuniharibia sifa zangu. Magari ya abiria yalipoadimika miaka ya tisini, vijana waliweka kiti cha sponji nyuma ya baiskeli, wakakishonea kitambaa cha rangi, na toleka ikazaliwa. Toleka ilipeleka wanafunzi chuo kikuu, wagonjwa hospitali, na akina mama sokoni pamoja na mizigo yao. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu mjini siku sita kwa mabomu mazito. Bunduki ziliponyamaza, kilichokuwepo cha kupanda kilikuwa baiskeli. Baadaye barabara ya mashariki ikafunguka tena, pikipiki za Asia zikaingia, na mwenye toleka aliyeweza kuweka akiba au kukopa akahamia kwenye moto, kama tunavyoiita pikipiki. Hakukuwa na mradi, wala utepe wa kukata.

Nenda ukaone alfajiri. Mama ana gunia la sombe, majani ya mihogo, anataka soko kuu kabla jua halijayanyausha. Kijana amekaa kando juu ya tangi, gunia limeshafungwa nyuma kwa mpira wa tairi, mama bado yuko chini.

"Mama, utaongeza mia tano."

"Mia tano ya nini, mutoto yangu? Njia si ni ile ile?"

"Njia ni ile ile, lakini mvua ilipita mbele yetu."

Mama anacheka, anaongeza mia mbili, anapanda ubavu, mkono mmoja kwenye bega la kijana na mwingine kwenye gunia. Huo ndio mkutano mzima wa wadau wa usafiri wa umma, na uamuzi umetoka kabla injini haijapata moto.

Mamlaka hukutana na kijana yule mbele kidogo, penye kizuizi. Plaki ya namba iko wapi? Vinyeti ya kodi ya mwaka huu? Kofia ya abiria? Maegesho umelipa? Akiwa na zote, inatafutwa ya tano. Kwa hiyo msiseme mji hauna sera ya usafiri. Inayo, inasimama barabarani kila siku na inapokea noti. Ila sera hiyo haina uzuri wa kuahidiwa, ndiyo maana jukwaani hutaisikia. Basi la ahadi halijamtoza mtu hata franka. Upole huo pekee ungetosha kuliweka juu ya vyombo vyote vya dola.

Na wasioamini kwamba lipo, waje siku mgombea mkubwa anapotua Bangoka, kilomita 17 mashariki ya mji. Siku hiyo Kisangani ina usafiri wa umma ulio kamili. Waendesha moto wamepewa mafuta na fulana. Malori ya mchanga yamefagiliwa na yanabeba akina mama waliovaa kitenge kipya chenye sura ya mgombea: moja kifuani, na nyingine, kwa uzembe wa mshonaji, imeangukia pale mama anapokalia. Nauli hakuna. Kizuizi kimefunguka, na yule aliyekuwa anauliza plaki anapunga mkono. Kutoka Simi-Simi hadi Bangoka unavuka mji wote, magharibi hadi mashariki, bila kutoa senti, huku unaimba. Ni huduma ya kwenda tu. Hotuba ikiisha, lori limerudi kwenye mchanga wake, mafuta ya moto yamekauka, na bei ya kurudi imepanda kwa sababu abiria ni wengi. Basi watu wanarudi kwa miguu wakizungumzia mabasi waliyoahidiwa, na mazungumzo yanafupisha njia. Nani atasema ahadi haisafirishi watu?

Wenzetu waliokimbilia kutimiza wametupa somo. Dar es Salaam walianzisha mabasi yaendayo haraka Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye njia yao wenyewe na vituo vya kupendeza. Matokeo yake ni kwamba sasa wana foleni ya kulalamikia. Kinshasa walizika kampuni moja ya mabasi baada ya nyingine hadi wakafika TRANSCO mwaka 2013, na bado Mkinshasa anasukumana na watu kwenye gari bovu. Mimi nawapa taji Nairobi. Mwaka 2018 walichora mstari mwekundu kwenye barabara ya Thika kuonyesha njia ya mabasi ya kasi, wakaacha mstari ungoje mabasi. Huo ni ufundi wa hali ya juu, kwa sababu rangi ni bei rahisi na inaonekana kutoka mbali. Sisi hatujafika huko. Ungetaka kuchora mstari Simi-Simi, ungeanza kwa kutafuta lami ya kuuweka.

Uchaguzi unaofuata unatarajiwa 2028, na muda wa kuandaa ahadi ni mfupi. Nina maombi matatu, yote madogo. La kwanza, basi la ahadi litajiwe saa. Kwa sasa tunajua rangi yake, tunajua idadi yake, hatujui linapita saa ngapi, na mama wa sombe anataka kujua ikiwa alikose saa kumi na moja au saa kumi na mbili. La pili, wazee wapande bure, hata kama ni kwa maneno. La tatu ni kuhusu watu wa Lubunga, ambao wameanza kudai daraja kwa sauti. Waambiwe wapange foleni. Sisi tulitangulia na basi letu, na hatujamaliza kulingojea.