Mawe na Ajira Zao: Uainishaji wa Magofu ya Sbeitla kwa Kanuni za Utumishi

Taaluma ya magofu imedumaa kwa sababu moja: wataalamu wake wamezoea kuyaainisha mawe kwa umri. Hili la karne ya 2, lile la karne ya 6, na mgeni anaondoka na tarehe tele kichwani asijue jiwe lenyewe lilikuwa likifanya kazi gani. Ninapendekeza mfumo mpya. Jiwe ni mtumishi. Siku moja liliajiriwa na mtu fulani kwa kazi fulani, kisha likahamishwa, likapandishwa cheo au likashushwa, likakaimu, likastaafu. Anayetaka kulielewa alifungue jalada lake la utumishi, cheti cha kuzaliwa akiache kabatini.

Uwanja wetu wa utafiti ni Sbeitla, mji mdogo wa Tunisia ya katikati, yapata kilomita 250 kusini-magharibi mwa Tunis. Warumi waliuita Sufetula, na utajiri wake ulikamuliwa kutoka kwenye zeituni. Mawe yako kando tu ya mji wa leo, na yametosha kabisa kuunda idara nzima.

Tuanze na Waajiriwa wa Kudumu, kundi lenye majivuno kuliko yote. Hawa ni mahekalu matatu yaliyosimama bega kwa bega mbele ya uwanja mkuu wa mji, nyuma ya lango la Kaisari Antoninus Pius la mwaka 139. Desturi ya Warumi ilikuwa kuwaweka Jupiter, Juno na Minerva chini ya paa moja. Sufetula kila mmoja alijengewa lake, anasa ambayo haionekani kwingi. Baelo Claudia, huko Hispania, ni mahali pengine inapojulikana. Lakini jambo la kuzingatiwa na wasomi ni ngazi. Hekalu la katikati, ambalo kwa ukubwa wake linahesabiwa kuwa la Jupiter, halina ngazi za mbele. Ukitaka kumfikia mkuu wa miungu, sharti upandie pembeni, kwa mkewe au kwa binti yake, kisha uvuke. Ofisi nyingi za kwetu zimejengwa kwa ramani hiyohiyo, na sijaona mhandisi yeyote aliyewahi kukiri alikoinakili.

Kundi la pili ni Waliohamishwa Kituo. Hapa Ukristo unaingia kwenye majalada. Msomaji huenda anadhani Wakristo walipopata nguvu walibomoa kila kitu cha wapagani wakajenga upya. Wangekuwa na fedha za namna hiyo, labda. Kanisa linaloitwa la Servus liliwekwa ndani ya hekalu la zamani: ua ukawa kanisa, na kile chumba cha ndani kabisa, alimokaa mungu aliyetangulia, kikawa mahali pa kubatizia. Kuta zikabaki kazini, mwajiri akabadilika. Nguzo na vipande vya majengo ya zamani vimetapakaa katika makanisa ya mji huu kama walimu waliopelekwa shule mpya bila posho ya uhamisho.

Kundi la tatu lina utata, nalo ni Watumishi wa Waajiri Wawili. Ukiingia mjini kutoka kusini unapita kwenye tao walilojengewa Kaisari Diocletian na watawala wenzake. Mgeni wa kawaida hupiga picha na kupita. Mtafiti husimama, maana mwaka 303 Diocletian huyohuyo aliamuru maandiko ya Wakristo yatolewe yachomwe, na baadhi ya makasisi wa Afrika Kaskazini wakayatoa. Dhiki ilipokwisha likazuka swali: je, aliyekabidhi maandiko bado ana mamlaka ya kubatiza na kuweka wakfu? Wakristo walioitwa Wadonati walijibu hapana, na anayetoka upande wa pili wakambatiza upya. Ugomvi huo ulidumu zaidi ya miaka 100. Miji mingi ikawa na maaskofu wawili, kila mmoja na kanisa lake na kisima chake cha ubatizo. Mwaka 411 serikali iliziita pande zote mbili Carthage zijieleze, wakafika maaskofu kwa mamia kila upande. Kwa hiyo ukiona makanisa mengi katika mji mdogo kama huu, usikimbilie kusema watu walikuwa wacha Mungu mno. Huenda walikuwa hawasalimiani.

Hapo ndipo visima vya ubatizo vinapopata uzito wake, na hapa ninaomba nikae kidogo. Karibu na kanisa la Bellator (jina limetoka kwenye kipande cha maandishi kilichookotwa humo, kwa hiyo huyu bwana kapata kanisa zima kwa mabaki ya sentensi) pana kisima kilichoacha kubatiza. Kilistaafishwa, halafu kikapandishwa cheo kuwa mahali pa kumkumbuka askofu Jucundus. Kupandishwa cheo baada ya kustaafu ni jambo geni katika kanuni zetu, ila Sufetula liliwezekana. Ubatizo wenyewe ukahamia jirani, katika kanisa kubwa la Vitalis, na kisima cha huko ndicho kinachostahili nauli ya mgeni. Kimechimbwa chini ya usawa wa sakafu, kingo zake zimepindapinda, kina vidato vya kushukia na vya kupandia, na chote kimevikwa nakshi ya vijiwe vya rangi. Juu ya nakshi yameandikwa majina ya Vitalis na Cardela, waliotimiza nadhiri yao. Makaisari wamejaza mji huu maandishi ya sifa, na mimi hakuna hata moja linalonigusa kama hilo la watu wawili waliolipa fundi wakataka ijulikane kwamba wamelipa.

Kundi la Wafanyakazi Hewa halihitaji maelezo marefu. Ni sanamu za miungu zilizokuwa ndani ya yale mahekalu matatu. Majina yao yangali kwenye orodha, kiongozi wa watalii anawaonyesha kwa kidole walipokuwa wamesimama, wageni wanatikisa vichwa, na mishahara inaendelea kulipwa kwenye dirisha la tikiti.

Wabaki Walinzi. Baada ya majeshi ya Justinian, mfalme wa Constantinople, kuinyang'anya Afrika kutoka kwa Wavandali mwaka 533, zikajengwa hapa nyumba za mawe zisizo na mlango wa chini. Inaelezwa kwamba wenyeji walipanda kwa ngazi kisha wakaivuta juu. Hofu yao ilikuwa na sababu. Mwaka 646 gavana Gregory alimwasi mfalme wa Constantinople akajitangaza mtawala, akaweka makao yake Sufetula. Mwaka uliofuata, zama za Khalifa Uthman, likaja jeshi kutoka Misri likiongozwa na Abdallah bin Saad. Waandishi wa Kiarabu wameviita vita vya akina Abdallah, kwa vile makamanda wengi walikuwa na jina hilo, na wanasimulia kwamba aliyemuua Gregory ni mmoja wao, Abdallah bin Zubayr. Nyumba zisizo na milango hazikumsaidia.

Vitabu vingi vya watalii hufunga jalada hapo: mji ulikufa mwaka 647. Kanuni zetu za utumishi zinakataa. Jeshi lilichukua mali likarudi Misri. Watu walibaki, na wachimbaji wamekuta dalili za maisha yaliyoendelea baada ya vita. Vinu vya kukamulia zeituni, vilivyojengwa katikati ya mji bila haya, mita chache kutoka kwenye nguzo za fahari, vinatukumbusha walikuwa wakiishi kwa nini. Kilichoimaliza Sufetula ni barua ya uhamisho. Mwaka 670 ukaanzishwa mji wa Kairouan, na shughuli za utawala zikawa na makao mapya. Gavana akiondoka, karani anamfuata. Karani akiondoka, muuza mkate naye anafunga. Mji uliovumilia Diocletian, Wavandali na akina Abdallah ulishindwa kuvumilia kukosa ofisi.

Uainishaji huu haujakamilika, na kosa si langu. Sehemu kubwa ya Sufetula haijafukuliwa. Maelfu ya watumishi wangali chini ya udongo wakisubiri usaili. Ukienda, chagua asubuhi na mapema, maana kivuli ni haba. Na ukiona kijiwe cha rangi kimebanduka kwenye nakshi, kiache hapohapo, kwa sababu kingali kazini.